Uliza Jikoni, Usiulize Kijiweni



Leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha watu wengine. Sizungumzii njaa wala bei ya unga, mambo ambayo hayatuishi midomoni. Nazungumzia chakula ambacho kipo mezani, kimepikwa, kinatoa mvuke, na mlaji ana fedha mfukoni, lakini mkono wake hauendi kwa sababu ya maneno aliyoyasikia.

Katika miji yetu mikubwa mgahawa wa Kichina si jambo la ajabu tena. Watu hupita mbele ya mlango wake kila siku wakienda kazini na wakirudi. Hebu wasimamishe hao wapitao, uwaulize kinachopikwa humo ndani. Watakueleza kwa ufasaha mkubwa: nyama ya mbwa, nyoka, vyura, konokono. Kisha waulize ni nani kati yao amewahi kuingia. Hapo ufasaha utakwisha. Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumekwisha kuwahesabu kunguni wa kitanda ambacho hata mlango wa chumba chake hatujaufungua.

Sikatai kwamba China ni nchi kubwa, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, na kwamba ziko sehemu zake ambako huliwa vitu ambavyo wengi wetu hatuwezi kuvitia kinywani. Lakini hata kwetu wako wanaosubiri msimu wa senene kwa hamu, na wako wasioweza hata kuwaangalia. Mgeni akituandika Watanzania wote kuwa ni watu wa kula wadudu, tutamwona mtu wa ajabu. Basi na sisi tusiwe watu wa ajabu kwa wenzetu.

Tena ukichunguza, Mchina si mgeni wa jana katika vyombo vyetu. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako magofu ya kale yenye makaburi ya nguzo. Katika nguzo hizo wazee wa pwani walipachika mabakuli ya kauri yaliyotoka China. Vipande vya vyombo vya namna hiyo vimechimbuliwa Kilwa, na pia Gedi karibu na Malindi. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Katika miaka hiyo hiyo, tangu 1405 hadi 1433, merikebu za China zilikuwa zikivuka bahari kuja upande wetu chini ya amiri aliyeitwa Zheng He, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu. Kwa hiyo bakuli la Mchina tulilipokea karne nyingi zilizopita, tukalithamini hata tukaliweka katika makaburi ya wakubwa wetu. Kilichochelewa kufika ni kitu cha kutia ndani yake.

Hata chai unayokunywa kila asubuhi, jina lake asili yake ni neno la Kichina, cha, lililopitia kwa Waajemi kabla ya kutufikia. Mahindi ya ugali na muhogo wa futari asili yake ni Amerika. Chapati ni ya Wahindi. Sambusa imesafiri kutoka kwa Waajemi. Tambi tunazozipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, nazo hazikuota katika mashamba yetu. Vyote hivyo siku moja vilikuwa vyakula vya watu wengine, na bila shaka alikuwapo babu mmoja aliyevikunjia uso.

Ndugu wasikilizaji, nayasema haya kwa sababu ya jambo lililomfika rafiki yangu mmoja, mtu tuliyeishi naye mtaa mmoja kwa miaka mingi. Binti yake alifaulu vizuri akapata nafasi ya masomo, kwa ufadhili, katika chuo kikuu kimoja mjini Xi'an, China. Alitakiwa kujibu barua katika muda wa wiki tatu. Badala ya vigelegele, nyumbani kukawa na vikao. Shangazi akauliza, mtoto atakula nini huko? Mjomba akaleta habari kwamba China kila kitu hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata maandazi. Jirani naye akaongeza yake. Rafiki yangu ni mtu wa swala tano, na hofu yake haikuwa ya kuchekwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, na barua ikawa imelala kabatini. Binti hakusema kitu. Alikuwa akipika, akifua na kungoja.

Nikamwambia, "Sheikh, katika hao wote waliokupa habari, yuko aliyewahi kula kwa Mchina?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Basi twende tukaulize."

"Tukaulize wapi?"

"Jikoni."

Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, tukaingia katika mgahawa mmoja wa katikati ya jiji. Binti wa Kitanzania aliyekuwa akihudumu akatupokea kwa heshima. "Shikamooni, baba zangu. Karibuni mkae." Rafiki yangu aliitikia marahaba, lakini hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama, "Mwanangu, hapa mnapika nyama ya nguruwe?"

"Tunapika, baba. Lakini na kuku ipo, na ng'ombe ipo."

"Chombo ni kimoja?"

Yule binti akasita, akaomba ruhusa, akaenda ndani kumwita mwenye mgahawa. Akatoka mama wa Kichina wa makamo, amefunga aproni, mikono ina unga. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni. Alilisikiliza swali mpaka mwisho, akamwangalia rafiki yangu kofia yake, akajibu: "Sufuria moja. Mafuta moja. Wewe Muislamu, hapa si nzuri kwako." Kisha akamwambia yule binti atuandikie kwenye karatasi njia ya kufika mgahawa mwingine, ambako mpishi ni Muislamu kutoka nchini kwake.

Nawaombeni mlitazame jambo hilo kwa makini. Meza zake nyingi zilikuwa tupu. Mbele yake walikuwapo wateja wawili wenye fedha, ambao wasingeweza kujua lolote juu ya sufuria zake. Neno moja tu la uongo lingemletea mauzo ya mchana ule. Akachagua kusema kweli na kutuonyesha mlango wa mwenzake. Tulipotoka nje rafiki yangu alitembea kimya kitambo, kisha akasema, "Huyu mama angekuwa na duka la nyama, ningekuwa mteja wake." Kwa maoni yangu hofu ilianza kupungua pale pale, kabla hatujaonja hata tonge moja.

Mgahawa wa pili ulikuwa mdogo, meza sita tu. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha kijani chenye maandishi ya Kichina na, chini yake, maandishi ya Kiarabu. Maneno yale ya Kichina husomwa qingzhen, yaani safi na kweli, na ndiyo alama ya chakula cha Kiislamu huko China. Mpishi alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe, mtu wa kabila la Wahui, kabila la Waislamu wa China ambalo watu wake ni zaidi ya milioni 10. Alipotusalimu "Assalaam alaykum", rafiki yangu aliitikia salamu ile kwa ukamilifu wake wote, na uso uliokuwa umekunjamana kwa wiki mbili ukafunguka.

Tukaagiza vitu viwili. Cha kwanza kinaitwa jiaozi. Ukitaka kukifahamu, anza na sambusa. Ni manda ya unga wa ngano, na ndani yake nyama ya kusaga na mboga. Lakini manda ya jiaozi haikunjwi pembe tatu. Husukumwa kuwa duara dogo, katikati pamoja na unene kidogo kuliko pembeni ili pasipasuke, kisha hujazwa, hukunjwa mfano wa mwezi mchanga na kubanwa kwa vidole. Hapo haiendi kwenye mafuta, bali hutumbukizwa katika maji yanayochemka. Wako pia wanaoipika kwa mvuke na wanaoikaanga. Zetu zilikuwa na nyama ya ng'ombe, kabichi, tangawizi na majani ya vitunguu. Hapakuwa na bizari wala pilipili ndani. Ladha ya ukali mtu hujitafutia mwenyewe kwa kuchovya katika siki nyeusi yenye kitunguu saumu.

Kaskazini mwa China, ambako ngano hustawi kuliko mpunga, jiaozi ndicho chakula cha mkesha wa mwaka mpya wao. Jamaa nzima huketi pamoja, mmoja anasukuma, mwingine anajaza, mwingine anakunja, na maneno yanaendelea. Wako wanaoficha sarafu ndani ya moja, na atakayeing'ata huhesabiwa kuwa mtu wa bahati mwaka huo. Nikimweleza rafiki yangu hayo, alisema kwamba ndivyo mke wake na binti zake wanavyokaa alasiri za Ramadhani na manda zao za sambusa, ila wao hawana sarafu za kuchezea.

Suala la vijiti lilikwisha upesi. Alijaribu mara mbili, jiaozi ikadondoka katika siki mara mbili. Akaenda kwenye bomba, akanawa mikono, akarudi akala kwa mkono. Hakuna aliyemtazama vibaya. Ya kwanza ilimchoma ulimi, maana ndani hubaki mchuzi wa moto. Ya pili aliila polepole, akasema, "Hii ni sambusa iliyokwenda kuoga." Akalalamika kwamba inateleza kama bamia, akaomba chumvi. Ya tatu hakulalamika. Sahani ilikuja na jiaozi 20. Mimi nilikula nane. Zilizosalia sikuona zilikopitia.

Chakula cha pili kilikuwa tambi za kuvuta kwa mkono katika supu ya ng'ombe, chakula maarufu cha mji wa Lanzhou, kaskazini magharibi mwa China, ambacho ni urithi wa hao Wahui. Hapa tulisogea karibu na jiko kutazama. Mpishi alichukua donge la unga uliokandwa na kupumzishwa, akalivuta mpaka likawa kamba ya upana wa mikono yake miwili. Akalikunja kati, zikawa mbili. Akavuta, akakunja, zikawa nne. Akavuta tena, zikawa nane. Hesabu hiyo kila mwanafunzi anaifahamu: ukikunja mara nane unapata nyuzi 256. Hapana kisu wala mashine. Unga huo hauchaniki kwa sababu hutiwa dawa yenye asili ya majivu ya mmea wa jangwani, kazi yake ikiwa karibu sawa na ya magadi yetu. Muda wa kukohoa mara mbili, donge limekuwa tambi na tambi zimo ndani ya maji yanayochemka.

Bakuli likaletwa. Supu safi inayoonyesha chini, vipande vyembamba vya figili nyeupe, nyama, giligilani, na mafuta mekundu ya pilipili yakielea juu. Rafiki yangu alionja supu kwanza, akanyamaza, akaonja tena. "Lakini hii ni supu ya mifupa," alisema, "ile ile ya asubuhi, ila wametia tambi mahali pa chapati." Na kweli ndivyo. Chakula alichokuwa amekiogopa kwa wiki mbili kilikuwa ni ndugu wa kile anachokila kila Jumapili.

Tambi si mzaha kwa Wachina. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba pale Lajia, bonde la Mto Manjano, zilipatikana tambi zilizofukiwa chini ya bakuli lililopinduka, nazo zina umri wa miaka kama 4,000. Siku ya kuzaliwa mtu hupikiwa tambi ndefu kwa kumwombea maisha marefu, na si vema kuzikata. Kuzivuta kwa sauti wakati wa kula si utovu wa adabu. Rafiki yangu aliposikia hivyo alivuta kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Baadaye akamwuliza mpishi juu ya Xi'an, na binti aliyehudumu akawa mkalimani. Jibu halikuwa la kumpaka mtu mafuta. Mpishi alieleza kwamba mjini huko uko mtaa mzima wa Waislamu wenye maduka ya vyakula, na uko msikiti mkubwa wa kale, ambao huelezwa kwamba ulianzishwa mwaka 742. Akasema vyuo vingi vya China vina chumba cha chakula cha wanafunzi wa Kiislamu. Lakini akaonya: asile mahali popote kwa sababu tu ameambiwa nyama ni ya kuku. Wapishi wengi wa China hutia mvinyo katika nyama ili kuondoa harufu, na wengine hutumia mafuta ya nguruwe kukaangia mboga za majani. Binti aitafute ile alama ya qingzhen. Asipoiona, aulize mambo matatu: nyama gani, mafuta gani, na kama umetiwa mvinyo.

Rafiki yangu aliomba kalamu, akayaandika yote matatu. Jumatatu barua ilijibiwa.

Ndugu wasikilizaji, asije mtu akafikiri kwamba mtoto amekwenda China kwa sababu baba yake alishiba tambi. Utamu si hoja. Bado kuna baridi ya Xi'an wakati wa Januari, kuna lugha ngumu, kuna upweke wa mtoto aliye mbali na mama yake. Hayo yote ni mazito. Lakini ni mazito yanayojulikana uzito wake. Sweta hununuliwa, lugha hufundishwa, simu hupigwa. Uvumi haununuliwi sweta. Kama isingekuwa kuuliza, nafasi ile ya masomo ingepotea kwa mafuta ambayo hakuna hata mmoja katika kikao kile aliyepata kuyaona.

Kwa hiyo nina maneno matatu kabla sijaagana nanyi.

La kwanza ni kwa sisi walaji. Mtu ana haki ya kujua anachokula, iwe ni kwa ajili ya dini yake, afya yake au tumbo lake tu. Kuuliza waziwazi, kwa sauti ya adabu, ni heshima kwa mpishi, kwa maana unampa nafasi ya kujieleza. Kumsema pembeni ya barabara bila kumwuliza ndiko kumkosea. Na mtu akishaulizia, akasema hapana, ahsante, asidhihakiwe. Yule mama wa Kichina hakumdhihaki rafiki yangu kwa kutokula kwake. Alimwelekeza njia.

La pili ni kwa wauzaji wa chakula, Wachina kwa Waswahili, wenye viyoyozi na wenye mabanda. Je, mteja akikuuliza mafuta haya yamekaanga mara ngapi, au supu hii ni ya leo au ya jana, utamjibu kama yule mama? Mteja aliyeambiwa kweli na kwenda zake, kesho atamleta mwingine. Mteja aliyedanganywa atakula leo na kukutangaza kesho, na hapo ndipo uvumi huzaliwa.

La tatu ni la ujirani. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina na Watanzania na Wazambia walijenga pamoja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wako Wachina waliopoteza maisha katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo hapa hapa Gongo la Mboto. Walipasua milima pamoja nasi, lakini mara nyingi jioni ilipofika, wao walikwenda kambini kwao kula mboga za bustani zao, na sisi tukaenda kwenye ugali wetu. Kazi tuliifanya pamoja, sahani hatukuchangia. Leo watoto wetu wanakwenda kusoma kwao, na watoto wao wanazaliwa katika hospitali zetu. Yafaa sasa tujuane kwa sahani vilevile. Na isiwe upande mmoja: kama una jirani Mchina, mkaribishe naye ugali na mlenda, umwonyeshe jinsi ya kumega na kuchovya. Huenda na yeye ameambiwa mengi juu ya jiko lako, na hajapata mtu wa kumwuliza.